Giligilani sio mchicha: kwanini inagoma kuota, inakufa au inakimbilia maua, na ufanyeje

Kwanza tuelewane majina maana hapa watu wanapoteza muda bure. Naongelea yale majani ya kukatia juu ya kachumbari na supu ya samaki. Huku kwetu tunaita giligilani, ukivuka kwenda Unguja utasikia kotimiri, majirani zetu Kenya wanasema dania, na zile punje za duara za kahawia zinazoingia kwenye viungo vya pilau ni za mmea huohuo. Nasema hivyo kwa sababu kuna dada mmoja hapa mtaani alizunguka Kariakoo nusu siku anatafuta mbegu za kotimiri na nyumbani kwake kabatini ana kopo zima la kupikia.

Mi nipo Dar, uwanja wangu upana wake ni kama wa gari moja tu, nalima kwenye ndoo, viroba na kipande cha ardhi kando ya ukuta. Miaka miwili ya mwanzo sikuwahi kula giligilani yangu hata mara moja. Nilikuwa naifanya kama mchicha, nachimbua, namwaga mbegu, napitisha reki, namwagilia, naondoka. Mchicha ukiufanyia hivyo wiki tatu baadae unachuma. Giligilani ukiifanyia hivyo hamna kitu, au zinatoka kumi zinabaki mbili, na hizo mbili ukigeuka tu zina maua. Kumbe ndugu yake wa damu ni karoti, pasili na shamari, huo ndo ukoo wake, wana mzizi mmoja mrefu unaozama chini na maua yaliyokaa kama mwavuli, na giligilani yenyewe inapenda ubaridi kuliko hili joto letu. Ukishalishika hilo, matatizo mengi utaanza kuyaona yanakuja kabla hayajafika.

Mbegu zimegoma kuota

Ile punje ya duara sio mbegu moja, ni ganda lenye mbegu mbili zimelaliana ndani. Ukiifukia nzima nzima maji yanachelewa kuingia, inakaa wiki mbili hata tatu hujaona kitu, we umeshakata tamaa umepanda bamia juu yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzitenganisha bila kuziponda. Mi natandaza punje kwenye kibao cha chapati, nachukua chupa ya soda, naibingirisha juu yake taratibu nikiwa nimeegemea kidogo tu. Utasikia zinalia krr krr. Ukiangalia kila punje imeachana vipande viwili, mgongoni imebinuka, upande wa ndani imebonyea kama mtumbwi. Ukianza kuona unga unga ujue umeegemea sana, hizo peleka kwenye pilau.

Zikishaachana zitie kwenye kikombe cha maji ya kawaida zilale humo usiku mmoja, sio zaidi ya siku nzima maana mbegu nayo inahitaji hewa, ukiisahau siku tatu inaoza na harufu yake utaijua. Asubuhi mwaga maji, zianike kidogo kwenye kitambaa zisinate vidoleni, panda. Chimba kamfereji ka kina cha sentimita moja hivi, zipange zikiachana, fukia, gandamiza na kiganja. Usiziache juu juu kama mbegu za mchicha, hizi zinataka kufunikwa. Ukifanya hivi kwa joto la Dar siku ya saba mpaka ya kumi unaanza kuona, inatoka na majani mawili membamba marefu kama nyasi, usiyang'oe ukidhani ni magugu, mi nimeshang'oa mstari mzima wa kwangu kwa mikono yangu.

Sasa kama umefanya yote hayo na bado kimya, tatizo ni mbegu yenyewe. Niliwahi kuuziwa pakti kwenye duka la pembejeo, pakti inang'aa kweli, tarehe nyuma imefutika kama imekwanguliwa, na mi kwa haraka zangu sikuuliza. Zilitoka nne. Toka siku hiyo sipandi mbegu sijazipima, na kupima kwenyewe ni bure. Chukua punje 10, zipasue upate mbegu 20, ziweke kwenye tishu iliyolowana, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka juu ya kabati la jikoni, baada ya siku kumi hesabu ngapi zimetoa mkia. Zikiwa kama 15 furahi. Zikiwa chini ya kumi panda mara mbili ya ulivyotaka. Zikiwa mbili tatu hizo ni za chungu.

Watu wananiuliza kama zile za dukani za pilau zinaota. Zinaota vizuri tu kama hazijakaangwa na hazijakaa dukani miaka. Zinukishe kwanza, ikiwa na harufu ya kuivaiva kama ya bizari iliyopita kwenye kikaango, achana nazo. Ila kinyume chake usifanye kabisa, mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya pinki au ya kijani isiyo yake, haziingii kwenye chakula hata uzioshe mara ngapi.

Zimeota, alafu zinalala chini moja moja

Hii inauma kuliko kutoota. Jioni umeacha miche imesimama, asubuhi mitano imelala, shina pale linapokutana na udongo limekuwa jembamba kama uzi na limelowana, lina rangi ya maji ya chai. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, ni ukungu wa kwenye udongo, unapenda sana miche iliyobanana na udongo unaoloa muda wote. Mche ulioanguka haurudi, usihangaike nao, ng'oa na kaudongo kake utupe mbali.

Hapa kosa huwa ni letu kwa asilimia kubwa. Tunamwagilia jioni, udongo unalala umelowa usiku kucha na usiku wa Dar una joto, ukungu unakula sikukuu. Hamisha kumwagilia kuwe asubuhi saa 12 au saa moja. Punguza miche ikiwa na urefu wa kidole, acha nafasi ya sentimita tano mpaka nane kati ya mche na mche, na ile unayoipunguza usiing'oe maana unatingisha mizizi ya jirani, ikate na mkasi kwenye udongo. Hiyo uliyokata usiitupe, ni tamu sana kwenye yai la kukaanga. Kama ni ndoo hakikisha matundu chini ni ya kweli, matundu manne matano ya upana wa kidole, sio kale katundu kamoja ka msumari. Na udongo mzito wa mfinyanzi uchanganye, mi naweka debe mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza sawasawa na moja ya mchanga, mchanga wa mtoni sio wa baharini jamani.

Kuna miche inayolala ila shina limekatwa kabisa kama na kisu. Hicho sio kinyausi, hapo kuna sota. Fukua na kijiti kuzunguka mche uliokatwa, sentimita mbili tatu tu, utamkuta kajikunja kama herufi C, funza mnene rangi ya vumbi. Mpe kuku. Ila kuku mwenyewe asiingie bustanini, yeye ni janga kubwa kuliko sota.

Imekimbilia maua

Hapa ndo wengi wananiandikia, na hapa nitakaa kidogo.

Dalili inaanza kabla hujaona ua. Majani ya kwanza ya giligilani ni mapana, yamekatwa katwa kidogo kama ya pasili. Siku moja utaona katikati kumetoka jani jipya jembamba, limechanika chanika kama la karoti au shamari, na chini yake kuna kashina kamesimama kagumu. Basi. Hapo mmea umeshaamua. Ukikata hako kashina utapata siku chache za majani zaidi lakini hutaurudisha nyuma, na majani yanayotoka baada ya hapo ladha yake inakuwa kali yenye uchungu uchungu, ile harufu tamu imepungua.

Kwanini inafanya hivyo? Giligilani ni mmea wa msimu mmoja, maisha yake yote ni mbio za kufika kwenye mbegu. Katika hali nzuri unakata majani kuanzia wiki ya tano ya sita hivi, unaendelea kukata wiki kadhaa, alafu inatoa maua, na hilo sio ugonjwa ni umri. Tatizo ni pale inapoharakishwa, ikiona maisha magumu inasema ngoja nizae kabla sijafa. Na ugumu wenyewe kwa huku kwetu ni joto, kiu, na kuhamishwa.

Joto kwanza. Giligilani inajisikia vizuri kwenye nyuzi 15 mpaka 25 hivi. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mchana unagusa 31, 32, usiku wenyewe haushuki sana chini ya 24. Ukipanda Januari kwenye jua kamili unapanda maua, usijidanganye. Muda wake huku pwani ni kuanzia mvua za masika zikianza kupungua, mwezi wa tano, mpaka wa nane, ule wakati asubuhi watoto wanaomba sweta. Watu wa Lushoto, Njombe, Mbeya, Arusha, na wenzetu wa Limuru kule Kenya hili haliwahusu sana, wao wanapanda karibu mwaka mzima na ndo maana fungu lao linakuja na majani kama kiganja.

Lakini mi nakula giligilani mpaka mwezi wa kumi na mbili na siri ni kivuli. Inataka jua la asubuhi mpaka saa tano hivi, alafu kuanzia hapo ikae kivulini. Upande wa mashariki wa ukuta unafaa sana, au chini ya mpapai ambao kivuli chake ni chepesi. Kama huna, simamisha miti minne utandike neti ya kivuli, ile inayozuia nusu ya jua, au kuti mbili za mnazi, kuti ni bure na inafanya kazi hiyohiyo. Udongo nao ufunike, tandaza pumba za mpunga au majani makavu unene wa vidole viwili kuzunguka miche ikishafika urefu wa kidole. Ukitaka kujua kwanini, siku yenye jua saa nane mchana weka mkono kwenye udongo ulio wazi kisha weka chini ya pumba. Mzizi ndo unaishi humo. Na ndoo nyeusi ziache, zinachemsha mizizi, ndoo nyeupe au kiroba cheupe ni bora mara kumi.

Kiu ni rahisi kueleza ila watu wanaikosea. Tatizo sio maji kidogo tu, tatizo ni leo mafuriko kesho kutwa jangwa. Ukikaa siku tatu bila kumwagilia kwenye ndoo mmea unanyauka, unakuja unaujaza maji unasimama tena, we unaona umepona, yeye ameshashtuka na ameshaanza kupanga maua. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kukikauka mwagilia, kukiwa na unyevu acha. Wakati wa joto kwenye ndoo inaweza ikawa kila siku. Kwenye ardhi yenye pumba juu inaweza ikawa kila baada ya siku mbili.

Na kuhamisha. Hapa naomba tuelewane, giligilani haitengenezewi kitalu. Ule mzizi wake mrefu ukiukunja au ukiukata ncha mmea unasimama wiki nzima hauendi mbele wala nyuma, alafu unatoa maua. Panda pale pale itakapokulia. Ndio maana chombo kiwe na kina, sentimita 20 mpaka 25, vile vikopo vya maziwa vya watoto vinapendeza kwenye picha lakini mzizi ukigonga chini tu habari imeisha. Kama umeshanunua miche kwenye viriba, chana kiriba uuweke na bonge lake lote bila kuubomoa, jioni, kivulini, na usitegemee maajabu.

Jambo jingine kuhusu zile video za Ulaya. Utasikia wanasema inatoa maua kwa sababu siku zimekuwa ndefu, na kwao ni kweli, London mwezi wa sita mchana unazidi saa 16. Sisi huku Dar tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka haifiki hata saa moja, kwa hiyo wewe usisingizie urefu wa siku, pambana na joto. Wanachosema cha kweli kwetu pia ni kwamba kuna aina za mbegu zinazochelewa maua, kama Santo au Calypso. Ukizipata kwenye duka unaloliamini chukua, zinakuongezea siku kadhaa za kukata, ila hazigeuzi Januari ya Dar kuwa Julai ya Njombe.

Zaidi ya yote panda kidogo kidogo. Hili lilinibadilishia kila kitu kuliko neti na pumba. Badala ya kumwaga pakti yote siku moja alafu kula giligilani wiki mbili mpaka uichukie, panda mstari mmoja wa urefu wa mkono, baada ya wiki mbili au tatu mstari mwingine, na mwingine. Wa kwanza ukitoa maua wa pili unakatwa wa tatu unaota. Mi ukutani nimeandika tarehe kwa chaki juu ya kila ndoo.

Majani yanakuwa ya njano au yanaungua pembeni

Angalia njano imeanzia wapi. Ikiwa majani ya chini ya zamani ndo ya njano na mapya ya juu ni ya kijani ingawa kamepauka, mmea una njaa ya naitrojeni. Tia samadi iliyooza kiganja kimoja kuzunguka, au kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya UREA kwenye ndoo ya maji ya lita 10, mwagia udongoni sio kwenye majani, mara moja kwa wiki mbili tatu inatosha. Ukizidisha utapata majani makubwa mazuri ya kupiga picha yasiyo na harufu, na vidukari watakuja kwa furaha. Samadi mbichi ya kuku usiiweke kabisa, inaunguza mizizi, na kumbuka haya majani tunakula mabichi, kwa hiyo samadi mbichi na maji ya mtaro ni kujitafutia tumbo.

Kama mmea mzima ni wa njano na umenyauka wakati udongo umelowa, hapo mizizi inaoza, kumwagilia ndo kunaua. Acha maji, toboa ndoo, ukichelewa basi.

Ila kuna ile ya pembe za majani kukauka rangi ya kahawia kama zimepitishwa kwenye mshumaa, na juu ya udongo au kwenye mdomo wa ndoo kuna unga mweupe. Watu wa Dar wenye kisima, hii ni yenu. Maji ya chumvi. Nilihangaika nayo msimu mzima nikidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa ya ukungu, nikapulizia, wapi. Mpaka siku fundi mmoja wa mabomba aliyekuja kwa kazi nyingine alipoonja maji ya kisima changu akatema akaniuliza haya ndo unamwagilia mboga? Giligilani haivumilii chumvi kama mchicha unavyovumilia. Kinga maji ya mvua kwenye pipa wakati wa masika na vuli, au changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba, na kila baada ya wiki mbili mwagia ndoo maji baridi yasiyo na chumvi mengi mpaka yatiririke chini kwa muda, yanaosha chumvi iliyojikusanya. Udongo ulioshiba chumvi kabisa badilisha tu.

Vidukari na wenzake

Geuza jani. Usiangalie juu, geuza. Vidukari wanakaa chini ya jani na kwenye mashina machanga, vidogo vya kijani au vyeusi vimejipanga kama ufuta kwenye mkate, majani yanajikunja na yananata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye giligilani yako ujue wameshafuga, sisimizi wanawalinda vidukari ili walambe ule utamu wao.

Wakiwa wachache wabomoe na maji, shika jani kwa mkono mmoja upige maji kwa mkono mwingine, asubuhi tatu mfululizo. Wakiwa wengi tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, pulizia chini ya majani jioni jua likiwa limezama, asubuhi suuza na maji. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, itaunguza majani. Rudia baada ya siku nne tano. Mwarobaini nao unafanya kazi, twanga majani konzi mbili, loweka usiku kwenye lita mbili za maji, chuja, pulizia, ila utakula giligilani chungu kama hujasubiri wiki na kuosha vizuri. Dawa kali za dukani mi siziweki kwenye kitu ninachokata leo nikala leo. Wewe ukiamua kuweka, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzifuate.

Na tafadhali usiue kila mdudu. Yule mwekundu wa duara mwenye madoa meusi anakula vidukari, na mtoto wake hafanani naye kabisa, ni kama kamamba kadogo keusi chenye madoa ya machungwa, watu wengi wanamsaga wakidhani ndo adui. Mwache.

Unga mweupe juu ya majani kama umemwagiwa ngano ni ubwiri unga, unakuja pale hewa haipiti na mmea umezeeka. Kata majani yenye unga, achanisha ndoo, mche mzee ng'oa. Sipulizii kitu.

Ukiona mmea umedumaa tu bila sababu, ung'oe uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu kama shanga hao ni minyoo fundo, hakuna dawa ya maana ya nyumbani. Usirudishe hapo giligilani, karoti, nyanya wala bamia. Kama ni ndoo, udongo uloweshe, utie kwenye mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, ufunge, uuanike kwenye jua kali wiki nne mpaka sita. Hilo jua la Januari nililokuwa nalilaumu hapo juu linafanya kazi hapa.

Kukata, na ile iliyokushinda

Kata majani ya nje kwanza, acha kitovu cha katikati, usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Kata asubuhi kabla jua halijapanda. Kung'oa na mizizi kama wanavyouza sokoni kunafaa pale unapopunguza tu au mmea umeshaanza kutoa kashina. Ukikata nyingi zisimamishe kwenye glasi ya maji kama maua, funika na mfuko juu, weka kwenye friji, zinakaa wiki.

Kama kuna mtu nyumbani anasema inanuka sabuni usigombane naye, sio deko, kuna watu wamezaliwa na pua inayosikia hivyo. Mume wangu ni mmoja wao. Nampikia kachumbari yake pembeni miaka yote hii.

Iliyotoa maua usiing'oe yote kwa hasira. Maua yale meupe yenye upinki wa mbali yanaita nyuki na manyigu wadogo wanaowinda vidukari, acha miwili mitatu isimame. Baadae inafunga punje za kijani, zichume zikiwa bado mbichi uzitwange na pilipili, chumvi na ndimu, chatini yake ina harufu ya majani na ya bizari kwa pamoja, hii hata yule mume wangu anakula. Zikiachwa mpaka ziwe kahawia, miezi mitatu mpaka minne toka kupanda, kata mwavuli mzima asubuhi na umande, ingiza kichwa chini kwenye mfuko wa karatasi, ning'iniza mahali pakavu, zitadondoka zenyewe.

Ila za kupandia chagua kwa akili, hapa nilikosea misimu miwili. Nilikuwa naweka mbegu kutoka kwenye mche uliokuwa wa kwanza kukauka, kwa sababu ndo uliokuwa tayari. Yaani nilikuwa nachukua mbegu za ule uliokuwa na haraka kuliko wote, alafu nashangaa kila mwaka zinakimbilia maua mapema zaidi. Sasa hivi inayowahi maua naing'oa kabla ua halijafunguka ili wadudu wasichukue chavua yake kupeleka kwa wengine, inaingia kwenye supu. Nafunga uzi mwekundu kwenye ule uliochelewa, ule ambao wenzake wote wameshapanda juu na wenyewe bado una majani mapana chini. Mwaka huu nimefunga uzi kwenye mitatu, na bahasha ya mbegu zake nimeiandika tarehe kwa kalamu isiyofutika.